Kila Kijiji na Kasoro Yake

Siku ya wageni, ukumbi wa chakula wa kijiji cha wastaafu cha Mesquite Grove ulifurika watu. Wazee wa mji wa Tucson wanazijua siku hizo: unatembezwa, unaonyeshwa bwawa la kuogelea, kisha unalishwa bure ili ulainike. Marlys, miaka sabini na miwili, gauni la buluu na rangi ya mdomo iliyopakwa garini, alikuwa amesimama na sahani mkononi akitafuta pa kukaa. Mzee mmoja mrefu, mwenye tai ya kamba iliyobanwa kwa jiwe la feruzi, akamsogezea kiti kwa mguu.

"Kaa hapa, bibie. Ila kile kipande cha pai ya pichi usikiguse, nimeshakiwekea jicho."

"Kimeandikwa jina lako?"

"Bado. Naitwa Delbert."

"Basi pole, Delbert," alisema Marlys, akakichukua na kukitia mdomoni. Mzee akacheka mpaka watu wa meza ya pili wakageuka.

Delbert alikuwa mgane, anatafuta pa kuhamia. Marlys alikuwa ametumwa. Dada yake Verna alikuwa karibu na themanini na macho yake hayakuona tena zaidi ya vivuli. Ndiye aliyemlea Marlys mama yao alipofariki, na kwa sababu hiyo alimkataa mchumba wake, wala hakuolewa kamwe. Waliishi wawili katika nyumba yenye ngazi kali. Walikubaliana Marlys azunguke akague, akipata mahali pazuri wahame.

Na Mesquite Grove palikuwa pazuri. Kulikuwa na nyumba ya vyumba viwili, haina ngazi hata moja, dirisha la chumba kimoja likitazama bustani. Marlys alisimama pale dirishani akamwonyesha Delbert mahali kitakapokaa kitanda cha dada yake.

Lakini walipokuwa wanaagana, Delbert alisema, "Wiki ijayo nakagua kijiji kingine. Twende wote?"

Jioni Verna aliuliza, "Pakoje, mdogo wangu?"

"Hapafai, dada. Dawa ya kusafishia inachoma pua. Usingepaweza."

Angewezaje kumwambia mwanamke aliyeacha kuolewa kwa ajili yake kwamba sasa yeye, na mvi zake, amepata bwana? Safari za ukaguzi zilikuwa kisingizio chake pekee, na kijiji kizuri kingezikatisha. Basi kila kijiji kikapata kasoro. Hata Delbert alishangaa.

"Hiki nacho kina nini?" alimuuliza kwenye simu.

"Bwawa lao lina kina kirefu."

"Mpenzi, wewe huogelei!"

"Ndiyo maana."

"Haya, malkia wangu. Tutakagua Arizona nzima mpaka tufe."

Marlys alicheka huku ameziba simu kwa kiganja, maana Verna alikuwa chumba cha pili. Akaona haya, lakini wiki iliyofuata akaenda tena.

Siku hiyo walikula polepole, wakaongeza kahawa. Aliporudi nyumbani alimkuta Verna sakafuni chini ya ngazi, kiatu kimoja cha ndani mkononi, nyonga imevunjika.

"Usilie," Verna alimwambia hospitalini. "Si kosa lako. Ungekuwa umepata mahali pazuri, si ungeniambia?"

Maneno hayo yalimkata Marlys kuliko tusi lolote. Tangu hapo hakupokea simu ya Delbert. Mzee wa watu akadhani amemchosha kwa hadithi za marehemu mkewe. Mwishowe alifika nyumbani kwao, jirani akamweleza yaliyotokea, naye akaja hospitalini na pai kwenye sanduku.

"Marlys, kama nimekukosea, niambie usoni. Mbona umeninyamazia?"

"Ni nani huyo anayenukia pichi?" Verna aliuliza kitandani.

"Mimi ni Delbert, dada. Tulifahamiana na Marlys kule Mesquite Grove."

"Ah, kule kunakochoma pua."

"Kunachoma pua? Kule kunanukia mikate! Hakuna ngazi hata moja. Marlys alinionyesha dirisha la bustani, akasema hapo ndipo kitakapokaa kitanda chako." Hapo akauona uso wa Marlys.

Marlys alitamani ardhi ipasuke immeze. "Nilikudanganya, dada. Pale na kwingine kote. Nilitaka tu niendelee kutoka naye."

Verna alilikunja na kulikunjua pindo la shuka.

"Kwa hiyo uliniacha kwenye ngazi kwa ajili ya pai."

"Si pai, dada."

"Najua si pai! Mimi kipofu, si mjinga." Akaiachia shuka. "Nimeumia, Marlys. Na si nyonga tu. We Delbert, ile nyumba bado ipo?"

"Imechukuliwa, dada."

"Haya. Mtatafuta nyingine, na safari hii mtanibeba nikainuse mwenyewe. Na wewe Delbert umuoe. Sikubali nyonga yangu iwe imevunjika kwa ajili ya urafiki tu."

Delbert aliweka pai chini, akaushika mkono wa Marlys. "Magoti yangu yakishuka hayapandi, kwa hiyo nauliza nimesimama. Unanitaka?"

Marlys alimtazama dada yake, machozi yakimtiririka, akaitikia kwa kichwa.

"Jibu kwa mdomo," Verna alisema. "Mimi sioni."

"Ndiyo," alisema Marlys.

"Safari hii unasema kweli?"

"Kweli, dada."