Mbuzi Wawili wa Ndila

"Dada, mwenzake huyu yuko wapi?"

Soko la Makongeni, mjini Thika, lilikuwa limefurika Jumapili ile, watu wakitoka kanisani moja kwa moja hadi kwenye mitumba. Ndila aliinua macho kutoka kwenye lundo lake la viatu. Alikuwa amevaa gauni la manjano lenye kola nyeupe, na kifuani aproni ya mifuko mitatu. Mbele yake kijana mrefu mwembamba, kavaa suti ya mazoezi ya kijani, alikuwa ameinua kiatu kimoja cha mpira kama aliyemkamata mwizi mguu.

"Tafuta," Ndila akasema. "Mimi nauza viatu, siuzi macho."

"Nikitafuta mpaka jioni?"

"Utakuwa umenisaidia kupanga."

Wanja, muuza mboga za sukuma wiki wa meza ya pili, akaangua kicheko. "Ngai! Leo huyu amepatikana."

Kijana alitafuta saa nzima. Alipokipata kiatu cha pili, lundo lote lilikuwa limepangwa jozi kwa jozi, vya wanaume huku, vya watoto kule.

"Naitwa Muoki. Ni kiungo wa kati."

"Kiungo cha nini? Cha mchuzi?"

"Cha timu. Mpira ukitoka nyuma kwenda mbele, lazima upite kwangu."

"Kumbe wewe ni mlango tu."

"Ni mlango, lakini nimekufungulia wewe peke yako."

"Hee! Vaa viatu vyako uende." Ndila aligeuka kuficha kicheko, lakini Wanja alikiona.

Hivyo ndivyo walivyoanza. Mwaka uliofuata Muoki alikwenda kujaribiwa Uingereza, akachukuliwa na Aldersby Town, klabu ndogo ya madaraja ya chini, yenye jukwaa la mbao na mvua isiyoisha. Lakini Uingereza ni Uingereza. Aliporudi likizo ya Juni, alikwenda na wazee hadi Ngoliba, mashariki ya Thika, nyumbani kwa Mzee Nzioki, baba yake Ndila. Walipeleka mbuzi watatu wa ntheo.

Kwa Wakamba, mbuzi hao ndio fundo. Beberu huchinjwa siku ileile, pande mbili zikala pamoja. Majike wawili huingia zizini kwa baba wa binti. Tangu saa hiyo binti ni mke wa mtu, hata kama mume analala ng'ambo ya bahari na harusi ya kanisani haijapangwa.

Muoki aliporudi kazini, Ndila akawa kila Jumamosi anaegemeza simu kati ya viatu, akisubiri orodha ya wachezaji. Akiliona jina la mumewe, siku hiyo hata mteja mkorofi alikuwa malaika. Baada ya mechi simu ililia.

"Mke wangu, umekula?"

"Nimekula. Umecheza?"

"Dakika tisini nzima. Miguu inalia."

"Dakika tisini! Mimi nimesimama hapa tangu asubuhi, na hakuna aliyenipigia makofi."

"Nakupigia sasa. Sikiza." Naye alipiga makofi kweli, huko chumbani kwake, mpaka jirani yake Mzungu akagonga ukuta.

Januari jina likatoweka kwenye orodha. "Goti linauma kidogo, mpenzi," akasema. Februari simu zikafupika. Kufika Mei alikuwa akipokea mara moja kwa wiki, bila picha, kwa sauti ya mtu anayeongea na karani wa benki.

Kisha Jumatatu moja Urbanus, mjomba wake Muoki, alimpigia Mzee Nzioki. Hakuzunguka. Alisema, "Jumamosi tunakuja kuchukua mbuzi wetu."

Ngoliba nzima ilijua maana yake. Mbuzi wa ntheo hawafuatwi bure. Wakifuatwa, binti ameonekana na ila: ni mwizi, au mchawi, au ana mwanamume mwingine. Majirani kazi yao ni kuchagua tu. Jumatano mama yake Ndila hakwenda kwenye mazoezi ya kwaya. Huko sokoni Ndila alimuuzia mteja viatu viwili vya kushoto, na aliporudishiwa akasimama navyo mikononi, machozi yakimtiririka mbele za watu.

Alipiga simu mara thelathini. Ijumaa saa sita mchana ikapokewa.

"Muoki, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Basi kwa nini?"

"Ndila, tafadhali. Ni vizuri hivi. Niko mazoezini, baridi ni kali, siwezi kuongea..."

Nyuma yake kipaza sauti kikabweka: "Dawa ya panya! Dawa ya kunguni! Mende akionja, haagi! Tuko hapa Kiuu, mkabala na kinyozi!"

Ndila aliibana simu sikioni.

"Muoki," Ndila akasema polepole. "Aldersby siku hizi kuna kunguni?"

Simu ikakatika.

Kiuu! Kiuu ya hapo Ruiru! Mume wake hakuwa ng'ambo ya bahari, alikuwa hapo tu, mwendo wa kwenda na kurudi kabla ya chai ya saa kumi. Mwanamume hujificha Kiuu kwa sababu gani, isipokuwa mwanamke?

"Nenda," Wanja akamwambia, akimsukuma mgongoni. "Mimi nitauza sukuma na viatu. Ukimpata huyo mwanamke, mtazame kwanza anafanana na nini, halafu ndiyo ulie."

Kiuu alimpata muuza dawa kwa sauti yake, akamwonyesha picha kwenye simu.

"Huyu wa mkongojo? Anakaa ploti ile ya mabati ya bluu, mlango wa mwisho. Na dawa ya mende, madam?"

Ndila hakugonga. Aliingia, akavuta pazia la kitanda, akatazama nyuma ya mlango.

"Yuko wapi?"

"Nani?" Muoki alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, ndevu zimemsonga, mashavu yameingia ndani.

"Mwanamke wako!"

"Hakuna mwanamke. Kuna hii." Akapandisha suruali. Kovu lilizunguka goti lake kama mshono wa gunia. "Wamepasua mara mbili. Daktari alisema nitatembea, lakini mpira basi. Aprili klabu ikaniandikia barua ya mistari minne, ya kuniachilia. Nikarudi. Hata mama hajui. Wala mjomba hajui niko nchini."

Ndila aliketi kitandani. "Na mbuzi je?"

"Nilitaka na wewe uwe huru. Mchezaji asipofaa, anaachiliwa, kila mtu anaendelea na maisha yake. Nikasema nisikufunge kwa mtu ambaye hata kwenye mjengo wa nyumba hawezi kubeba jiwe."

"Uhuru!" Sauti ya Ndila ilipasuka. "Umekulia Makongeni kwenye lami, hujui lolote la kwenu! Mimi ni mchezaji wako? Ukifuata mbuzi, unatangaza kwamba nina ila. Tangu Jumatatu mama yangu anajificha kama aliyefiwa!"

Muoki alimkodolea macho. "Mjomba aliniuliza kama una kosa. Nilinyamaza. Niliona haya kutaja goti."

"Kunyamaza kwako ndiko kulikonihukumu. Mpigie sasa hivi."

Alichukua simu. Kidole kilisimama juu ya jina la mjomba, kikarudi. "Nikimwambia, kesho kila mtu atajua nimekwisha. Mama ameniweka ukutani nikiwa na jezi. Wageni huonyeshwa mimi kabla ya chai. Siwezi, Ndila. Jamani, siwezi."

Ndila alisimama, akajifuta uso kwa aproni aliyosahau kuivua.

"Kesho kuna aibu itakayotembea Ngoliba. Chagua iwe yako au yangu." Akatoka.

Jumamosi saa nne Urbanus aliwasili na wazee wawili, kofia mkononi, kamba begani. Mzee Nzioki aliwakaribisha kwa viti lakini hakuleta chai.

"Mbuzi wawili hao pale," akasema. "Wa tatu tulimla pamoja, Urbanus, na paja ulikula wewe. Kabla hujagusa kamba, taja ila ya binti yangu."

Urbanus alikohoa. "Kijana hakusema. Lakini Nzioki, mtu wa Uingereza haachi mke bure. Kuna jambo."

Ndila alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, kucha zimezama kwenye viganja. Angeweza kutoka na kusema yote. Lakini nani angemwamini mwanamke anayeachwa? Wangesema anamchafulia mumewe jina kwa kumwita kilema. Maneno yale yalihitaji mdomo mmoja tu, na mdomo huo ulikuwa Kiuu.

Mbuzi wa kwanza akafunguliwa. Wa pili akalia, akajikaza, akavutwa. Mama yake Ndila alijifunika uso kwa kanga. Majirani waliosimama uani walianza kunong'onezana, na Ndila alilisikia jina lake likipita kutoka mdomo hadi mdomo.

Ndipo minong'ono ikakatika ghafla, kama redio iliyoishiwa betri.

Muoki alikuwa langoni, mkongojo kwapani, amejaa vumbi la barabara. Mbele ya wazee wa suti na kofia, alikuwa amevaa kaptura ya mpira, nyeupe. Kovu lake lilionekana hata na mtoto aliyekuwa juu ya ua.

"Muoki! Uko nchini?" Urbanus akaropoka.

Alitembea kwa mkongojo hadi katikati ya uwanja. Jasho lilimtoka kama mvua.

"Baba," akamwambia Mzee Nzioki, "mnatafuta ila. Ni hii." Akagusa goti. "Mpira umeisha. Klabu imeniacha, nikaona haya, nikajificha Ruiru kama mwizi. Ndila hana kosa hata moja. Mjomba, nipe mbuzi."

Urbanus alimpa kamba mbili. Muoki alichechemea hadi kwenye kigingi, akajaribu kuinama afunge. Goti lilikataa. Akajaribu tena, akauma mdomo, mkongojo ukaanguka. Hakuna aliyejua kama amsaidie au atazame pembeni.

Ndila alitoka jikoni. Alipita katikati ya wazee, akachukua kamba moja mkononi mwa Muoki, akapiga magoti vumbini akaanza kufunga.

"Sina kazi, Ndila," Muoki akanong'ona. "Sina kitu."

"Nimesikia. Wamesikia hadi Thika."

"Utanisamehe?"

"Bado."

"Lini?"

Ndila alikaza fundo la kwanza, akalivuta kulijaribu. Machozi yalikuwa yakidondokea mikono yake, lakini sauti ilikuwa imara.

"Nikimaliza huyu wa pili. Mshike vizuri, asituponyoke."