Mama Ndiye Aliyenyoosha Mkono wa Kwanza Kibanda Changu Kibomolewe

"Anayekubali kibanda kibomolewe, anyooshe mkono!"

Mwenyekiti wa baraza la kijiji kasema hivyo, kakohoa, kavua miwani.

Watu wakatazamana.

Halafu mkono mmoja ukapanda. Peke yake. Mstari wa mbele kabisa.

Nikautazama. Mkono ule naujua... umeniogesha, umenilisha, umenichapa.

Mkono wa mama yangu mzazi!

Jamani, ngoja niwaeleze taratibu. Mpaka leo nikisimulia naona kama namsimulia mtu mwingine.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Mageti, madirisha, vitanda vya chuma. Shule niliikimbia mapema, sitaki kuwadanganya, na kikao chenyewe kilikuwa kwenye darasa lile lile nililolikimbia. Nimekaa kwenye dawati la watoto, magoti yamegusa kidevu.

Kibanda changu kipo pale kinapoanzia kichochoro cha kwenda zahanati, ukitoka barabara kubwa. Kilianza kidogo. Kikaota. Leo bati, kesho nguzo, keshokutwa meza ya kazi imetoka nje kabisa... mnajua wenyewe mambo haya. Kichochoro kikabaki cha pikipiki, na mtu mnene akijibana.

Baraza liliniandikia barua. Tatu. Zote niliziweka chini ya mguu wa meza usiyumbe.

Jibu langu lilikuwa moja tu: "Gari likija nasogeza vitu. Mimi nipo kila siku!"

Na kweli nilikuwa nasogeza.

Sasa, kikao chetu kina kawaida yake. Jambo likimgusa mtu, wa kwanza kusema ni wa nyumbani kwake. Mama, mke, kaka, yeyote. Kazi yake ni kuomba. Anaomba, wajumbe wanalegea, mtu anaongezewa muda, watu wanacheka, wanarudi makwao. Ila wa nyumbani akikubali kosa, basi. Hakuna tena wa kufungua mdomo. Hakuna hata kusoma makaratasi. Imepita.

Jirani yangu fundi cherehani aliziba mtaro mwaka juzi. Mkewe alipenga kamasi mara mbili tu pale mbele, akapewa mwaka mzima!

Ndiyo maana asubuhi nilimwambia mama:

"Mama, leo ukilia kidogo tu, yamekwisha."

"Nitajua cha kufanya."

"Usilie sana lakini, utaniaibisha."

Hakucheka.

Kikao kikaanza. Taa ya njiapanda, ikapita. Choo cha sokoni, wakabishana saa nzima nani akae na ufunguo. Mwisho kibanda changu. Mwenyekiti akasema kwa kawaida yetu tunaanza na wa nyumbani, akauliza lile swali la mkono...

Na mama akanyoosha mkono. Hakuomba, hakulia. Kakubali!

Nikasimama, dawati likaja na mimi.

"Mama! Unafanya nini?!"

"Nimekubali kibomolewe."

"Mimi si mwanao?!"

"Keti chini, baba."

"Sikai! Mtu gani anamchinja mwanawe mbele za watu?"

"Nimesema keti."

Mwenyekiti akagonga meza. "Wa nyumbani amekubali. Imepita. Siku kumi na nne."

Nikamgeukia fundi cherehani. Yule jamaa anacheka hata msibani. Siku hiyo alikuwa anaangalia viatu vyake.

Ningetakiwa kushtuka hapo. Sikushtuka.

Ukweli ni kwamba sikuhisi chochote. Tangu baba afe, miezi minane nyuma, mimi ni kama mtu aliyedungwa sindano ya ganzi. Unanibana, naona unanibana, lakini siumii.

Baba alianguka nyumbani mchana. Majirani wakamkimbiza zahanati. Nesi akasema huyu ni wa hospitali kubwa, akaita gari la wagonjwa. Mimi nilikuwa mjini kununua vyuma, simu imezima chaji. Narudi jioni, nakuta watu wamekaa chini.

Nikaambiwa maneno mawili: "Gari lilichelewa."

Mnaonifuata tangu zamani kwenye ukurasa huu mnakumbuka nilichofanya. Nilimpiga picha dereva wa gari lile, nikaiweka hapa hapa. Nikaandika HUYU NDIYE MUUAJI WA BABA YANGU. Mkasambaza. Mkamtukana mpaka mkachoka. Yeye hakujibu hata neno moja.

Haya, turudi.

Nikahama nyumbani. Nikalala kibandani, juu ya mabati. Mama kila siku anakuja na chakula, anakiweka mezani katikati ya vyuma.

"Kula."

Nawasha mashine. Cheche zinaruka. Anasimama kidogo, anaondoka.

Siku ya tano nikaenda ofisi ya baraza. Katibu ni dada mmoja tulikaa naye dawati moja, yeye akasoma, mimi nikakimbia.

"Nataka jambo langu lirudiwe," nikamwambia. "Kanuni inaruhusu. Na huo ushahidi wenu wote usomwe hadharani!"

Akafunga mlango.

"Acha, nakuomba."

"Unaogopa nini?"

"Umepewa kiwanja nyuma ya soko. Kikubwa kuliko hapo. Hamisha vitu vyako, maisha yaendelee."

"Sitaki kiwanja. Nataka ushahidi."

"Wewe tangu utoto kichwa chako ni chuma."

"Ndiyo maana nakichomelea. Andika!"

Akaandika. Akakata, akaanza upya, mimi nikadhani nimewabana pabaya. Nikatoka pale natembea kama nimeshinda!

Nikapita mtaa mzima natangaza. "Jumamosi njooni, kuna watu wataumbuka!"

Fundi cherehani akanivuta shati.

"Mdogo wangu, futa hiyo kitu."

"Na wewe umenunuliwa?"

"Futa. Mimi sijawahi kukuomba kitu."

"Umewahi kuniomba mkasi wa bati, hujarudisha mpaka leo!"

Kwa mara ya pili hakucheka.

Mama naye akaja, bila chakula safari hii. Akasimama kwenye mlango wa kibanda.

"Nasikia umeomba isomwe."

"Eeh."

"Nifanye nini usiende?"

"Ulitakiwa kufanya siku ile, mama. Ulitakiwa kuomba tu. Kuomba!"

Akaondoka pole pole, ameshika ukuta.

Jumamosi darasa lilijaa mpaka madirishani. Watu wote niliowaita walikuja!

Mwenyekiti akasimama.

"Kijana, nakuuliza kwa mara ya mwisho. Ukiondoa ombi lako, tunafunga kikao sasa hivi."

"Soma!"

"Fikiria."

"Soma, mzee! Mnaficha nini?"

Akatazama nyuma. Mlango ukafunguliwa... akaingia dereva wa gari la wagonjwa. Yule yule! Kavaa sare, karatasi mkononi.

Damu ilitakiwa inichemke. Nikacheka.

"Ndiye shahidi wenu huyu? Muuaji?"

Hakuna aliyecheka na mimi. Dereva hata hakuniangalia. Akaanza kusoma, sauti moja tu, kama anasoma majina ya wanafunzi:

"Saa sita na dakika kumi nimefika kwenye kichochoro cha zahanati. Njia imefungwa na geti jipya la chuma, rangi mbichi, limefungwa kwa mnyororo kwenye nguzo ya umeme. Mwenye kibanda hayupo. Simu yake haipatikani. Watu sita tumelisukuma, limeshindikana, na nesi amesema mgonjwa asibebwe kwa mikono. Nimerudi kinyumenyume mpaka barabara kubwa, nimezunguka njia ya matanuri ya matofali, dakika arobaini. Nimefika zahanati, mgonjwa amekwisha fariki."

Akageuza karatasi.

"Mmoja wa tuliosukuma naye, fundi cherehani, akaniambia mgonjwa ni baba wa mwenye geti."

...

Ndugu zangu.

Geti lile nililipaka rangi mwenyewe asubuhi ile. Nikaliegemeza nje likauke. Nikaogopa wezi. Nikalifunga mnyororo. Ufunguo nikautia mfukoni nikaenda nao mjini.

Na jioni ile narudi, kabla sijafika nyumbani, nilikuta geti limelala upande, rangi imechubuka. Nilijua ni watoto wamecheza. Kesho yake baada ya mazishi nikalipaka upya.

Nilikaa. Juu ya dawati mtu alikuwa amechonga mpira na goli. Nikawa naangalia ule mpira. Nasikia watu wanahema. Kuna mama mmoja dirishani akaanza kulia, nikajiuliza huyu analia nini.

Nikamuuliza dereva:

"Mbona hukunijibu? Nilikuita muuaji."

"Mama yako alinifuata kazini."

"Akasemaje?"

"Alipiga magoti, mtu mzima yule, pale getini hospitali, wagonjwa wanaangalia. Akasema, vumilia matusi ya mwanangu, ila usimwambie. Mume amekwenda. Akijua, na huyu nitamzika."

Akakunja karatasi yake.

"Wanangu walichekwa shuleni kwa ile picha," akaongeza. Hakusema kwa hasira. Alisema tu.

"Nitaifuta."

"Sawa."

Basi nikaelewa. Kijiji kizima kilijua! Miezi minane! Fundi cherehani, katibu, nesi, mpaka muuza mkaa. Na mama alipoona baraza limeleta jambo la kibanda, alijua akiomba tu, safari hii wajumbe hawatalegea, maana njia imeshaua mtu; watabisha, na wakibisha watasoma ile taarifa ya dereva. Ndiyo ilikuwa ushahidi wao. Kulikuwa na njia moja tu ya kuifungia mezani: wa nyumbani akubali kwanza.

Mimi mkono ule nikauona kisu. Nikaenda kuifungua taarifa ile mwenyewe, nikaalika na watazamaji.

Nikatoka. Hakuna aliyenizuia. Nikaenda kibandani, nikachukua grenda ya kukatia vyuma, nikaanza na nguzo ya nje.

Mama akanikuta nimeshatoa bati mbili. Akazima umeme ukutani.

"Bado una siku tatu."

"Natoa leo."

"Kaa kwanza."

"Mama, ulijua tangu lini?"

"Siku ile ile. Nilikuwa zahanati, nimemshika baba yako miguu. Nilisikia gari linapiga honi kule njiani... halafu nikasikia linarudi nyuma."

Alisema hivyo kama anaeleza bei ya nyanya. Nadhani na yeye ganzi ilimwingia zamani, ila yake alikuwa anatembea nayo bila kumsumbua mtu.

"Na ukawa unanipikia kila siku?"

"Sasa nimpikie nani? Jirani?"

"Hukunichukia?"

Akafikiri. Mama yangu si mtu wa kuremba maneno.

"Kuna siku nilikuchukia. Asubuhi asubuhi hivi, kabla hujaamka. Ukishaamka, unaniuliza soksi ziko wapi... hasira inakosa pa kukaa."

Nikamwambia pole. Neno dogo kweli lile, lilitoka kama la mtu aliyekukanyaga kwenye foleni.

"Lile bati la juu litakuangukia," akasema. "Ngoja nishike."

"Utaumia."

"Washa hiyo mashine."

Akashika. Nikawasha. Cheche zikawa zinamrukia kwenye kanga, hakusogea. Fundi cherehani akaja akashika upande wa pili. Mpaka jua linashuka, njia ilikuwa nyeupe kutoka barabara kubwa hadi mlango wa zahanati. Unaona moja kwa moja. Gari lingepita pale bila hata kupunguza mwendo.

Picha ya dereva nimeifuta. Nawaomba na nyie mliosambaza mfute. Yule mtu hana kosa, mwenye kosa ndiye anayeandika hapa.

Sasa la kuwaambia ni hili, nalisema bila kuzunguka. Baraza la kijiji likikuandikia barua kuhusu njia, mtaro, taa, usione wanakuonea wivu. Njia uliyoiziba wewe, hujui ni ya kumpitisha nani. Unadhani ni ya watu wengine.

Na mtu anayekupenda akikupinga mbele za watu, kamuulize nyumbani, mlango umefungwa. Ukimlazimisha aseme hadharani, unaweza kujivua mwenyewe nguo aliyokufunika nayo.

Msiniulize kama nimelia. Bado. Mama anasema itakuja yenyewe, siku nimeshika kitu kingine kabisa, nisikae kuisubiri.