Salamu ya Piatra Corbului

Kwenye ubao wa mjini, taa ya kituo cha mawasiliano cha Piatra Corbului ilikuwa kijani, na hilo halikuwezekana. Poromoko la theluji lilikwisha kukifukia kituo hicho, juu kwenye milima ya Făgăraș, na Nelu, fundi wake, akafia ndani. Padri alikuja akanyunyizia mitambo maji ya baraka. Taa haikubadilika, ila chumba cha uangalizi kilianza kunuka sufu iliyolowa.

"Hitilafu tu, shemeji," Sorin alimwambia Viorica, mjane wa Nelu, aliyekuwa naye zamu. "Usiitazame sana."

Viorica alikuwa ameleta koliva, ngano ya kumkumbuka marehemu. Ukiionja, unasema Mungu amsamehe. Wenzao wote walisema. Sorin, aliyekuwa chanda na pete na Nelu, alimeza kimya.

Ndipo mjane akafungua kabati la mitambo. Mtambo wa mjini hupiga salamu, wa mlimani hujibu. Jibu likikosekana, taa huwa nyekundu na waokoaji hupanda. Lakini alikuta kipande cha waya kimezungushwa, kinarudisha salamu papo hapo, mtambo unajijibu wenyewe.

"Nani kaweka hii?"

"Mimi." Sauti ya Sorin ilikuwa ndogo. "Siku ya ubatizo wa mwanangu. Ingebaki nyekundu nisingeondoka. Nilidhani waya tu umekatika, shemeji, haki ya Mungu."

"Mlango ulizibwa na theluji, Sorin. Alikaa akingoja, akijua wewe uko zamu."

Kweli, kikulacho ki nguoni mwako. Viorica akaung'oa ule waya, na taa ikabaki kijani.

Akatuma swali la kufuata njia, lile linalofanya kila mtambo linaoupitia ujitaje, na majina yakaanza kujipanga kwenye kioo, si ya kupanda mlimani bali ya kushuka, mtambo wa bondeni, wa daraja la reli, wa sokoni, wa mtaa wa kina Sorin, huku harufu ya sufu ikizidi hadi wakashindwa kupumua, mpaka jina la mwisho likatokea, nalo lilikuwa la nyumba ya Sorin.

Simu yake ikaita. Ni mkewe, Mihaela.

"Sorin, kuna mgeni hapa mlangoni, kalowa chapachapa, kajifunika shali mpaka machoni. Anasema ni rafiki yako wa kazini, eti hakuweza kuja kwenye ubatizo."

"Usimfungulie," Sorin alinong'ona.

"Jamani, mbona keshaingia? Nimempa mtoto ambebe."