Sahani Isiyo na Chumvi

Wa kwanza kuomba chumvi alikuwa Bwana Gerald, na hilo peke yake lilitosha kumshtua Ismay. Mzee huyo na mkewe, Bi Pauline, walikuwa wakija Carriacou, kisiwa kidogo cha Karibi, kila Februari kuikimbia baridi ya Uingereza, mwaka wa tisa sasa, na kila mchana walikula kwa Ismay. Katika miaka yote hiyo mzee hakuwahi kugusa kichupa cha chumvi, kwa sababu daktari alimkataza, na mkewe alikuwa mkali kuliko daktari. Leo alionja kijiko kimoja cha lambi, yule konokono mkubwa wa baharini ambaye Ismay humpika na nyanya mpaka alainike, akatazama huku na huku kama mwizi wa kuku, akanong'ona.

"Mama Ismay, usiniseme kwa mke wangu. Nisaidie chumvi kidogo."

"Wewe? Chumvi? Unataka nikuzike hapa hapa?"

"Nisamehe tu. Lakini hiki chakula leo hakina kitu."

Ismay alirudi jikoni akachota mchuzi kwenye sufuria ileile. Chumvi sawa, pilipili sawa, hata kungumanga ilisikika kwa mbali. Akarudi na kijiko, akaonja kilichokuwa kwenye sahani ya mzee. Ilikuwa kama kutafuna pamba. Kutoka jikoni mpaka kwa Bwana Gerald ni hatua kumi na mbili, na njiani kuna meza moja tu, meza ya sita, ile ya dirishani inayotazama bahari. Juu yake kilisimama kibao cha mbao kilichosema meza imeshachukuliwa, na mbele ya kiti paliwekwa sahani iliyofunikwa.

Mkahawani hakuna anayeshangaa meza iliyowekewa mtu ambaye hajafika. Ndiyo maana siri ya Ismay ilikaa karibu mwaka mzima mbele ya macho ya watu.

Meza ile ilikuwa ya Jozelle, binti yake wa pekee. Jozelle ndiye aliyekuwa akihudumia wageni, na wakishaondoka hukaa pale dirishani kula, kandambili amezivulia chini ya meza, mguu mmoja juu ya kiti cha pili, anacheka peke yake na simu. Machi iliyopita, wageni sita waliokwenda kuogelea kwenye kisiwa kidogo cha mchanga kule mbele walitaka chakula wapelekewe hukohuko. Upepo ulikuwa umeanza kuvuma. Jozelle alisita mlangoni na makasha ya chakula mikononi, akamtazama mama yake. Ismay alikuwa na sufuria tatu motoni na hasira za jikoni kichwani. "Nenda, mwanangu," alimwambia, "chakula kinapoa."

Mashua ilikutwa alasiri, imepinduka, makasha yakielea kandokando yake. Jozelle hakuonekana siku ile, wala hajaonekana mpaka leo.

Ismay alifanya kama wanavyofanya watu wa kwao. Marehemu akikujia ndotoni akidai njaa, unampikia sahani yake, kila kitu bila chumvi, maana wafu hawali chumvi. Unaiweka chumbani, unafunga mlango, na hufungui mpaka asubuhi. Alimpikia sima ya mahindi yenye bamia, na asubuhi wakakuta alama za vidole kwenye sima. Majirani walilia na kucheka kwa pamoja. Amekula, walisema. Amekwenda salama. Inatosha.

Ismay haikumtosha. Wiki moja baadaye alipika sahani nyingine, akaiweka meza ya sita, akasimamisha kibao. Mgeni siku mbili, wanasema wahenga, ya tatu mpe jembe. Ismay siku ya tatu alitoa sahani, na ya nne, na ya mia tatu.

Naye hakuogopa, hilo lisemwe wazi. Alipokikuta kiti cha dirishani kimelowa, alikikausha kwa aproni yake taratibu, kama anayemfuta mtoto aliyetoka kuoga. Aliposikia kandambili, shwapu, shwapu, zikitoka upande wa ngazi za ufukweni saa sita mchana wakati hakuna mtu ngazini, moyo wake uliruka kwa furaha. Kulikuwa na harufu ya mwani, na petroli ya injini, na ndani yake kabisa yale mafuta ya nazi ambayo Jozelle alipaka nywele. Nani amwogope mwanawe?

Lakini tangu siku ya Bwana Gerald, wageni walianza kuhama. Walivuka barabara na kuingia kwa Alvina, ambaye mkahawa wake ulitazamana na wa Ismay, na ambaye walikuwa wakigombania naye watalii tangu ujana wao.

"Ismay wee!" alipaza sauti Alvina kutoka barazani kwake. "Unawapikia wageni chakula au unawafungisha Kwaresima? Wamenijia wanalia njaa!"

"Waache wale sima yako ngumu kama tofali. Wakivunjika meno watanikumbuka!"

"Heri tofali lenye ladha, shoga!"

Zamani Ismay angecheka. Alvina ndiye mama wa ubatizo wa Jozelle, na matusi yao yalikuwa ya watu wanaopendana. Siku hizi alifunga tu dirisha.

Aliyemtoa usingizini alikuwa Kezia, mtoto wa Jozelle, mwenye miaka sita. Mchana mmoja Kezia alirudi kutoka shule, akasukuma sahani yake ya samaki.

"Bibi, sitaki hiki. Kinaniuma ulimi."

"Tangu lini samaki akauma ulimi? Wewe si ndiye ulikuwa unalamba mpaka sahani?"

"Nitakula cha Mama."

Ismay aliweka mwiko chini. Ndipo alipoziona ncha za vidole vya mtoto: zimekunjamana na kupauka, kama za mtu aliyekaa majini kutwa. Alikumbuka mchanga aliokuwa akiukung'uta kitandani mwa Kezia wiki nzima akidhani ni utundu wa watoto.

"Umekula na Mama mara ngapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kila siku. Wewe ukiwa jikoni."

"Anakwambia nini?"

"Anasema twende." Kezia alinong'ona na yeye, akitazama dirishani. "Anasema, nenda, mwanangu, chakula kinapoa."

Ismay alishika ukingo wa meza. Maneno yale hakumwambia mtu yeyote duniani, si polisi, si padri. Aliyaficha kwa sababu yalikuwa yakimla.

Alasiri hiyohiyo alimvusha Kezia barabara, akamkalisha mbele ya Alvina bila salamu. Alvina aliishika mikono ya mtoto, akainusa, akavuka mwenyewe mpaka meza ya sita, akafunua sahani na kuitazama kwa muda mrefu.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu Machi."

"Mungu wangu, Ismay." Hata Alvina siku hiyo alinong'ona. "Ulimwita mara moja, akaja, akala, akaenda zake. Ukamwita tena kila siku. Umemfanya, maskini, mteja wa kudumu. Sasa hajui kama amekufa. Anadhani bado yuko kazini, anadhani bado yuko njiani na kile chakula, na anamtaka mwanawe amsaidie kubeba."

"Nitaacha kumwekea."

"Atakula kwenye sahani za wageni, si ndivyo anavyofanya? Amekwisha kuzoea. Kuna njia moja, na unaijua. Tia chumvi."

"Usiseme hivyo."

"Chumvi, kwa mkono wako uliompikia. Akionja atajua hapa si kwake tena. Ila kwako hatarudi, Ismay, wala ndotoni. Sikufichi."

"Basi sitii."

"Utabaki na nani? Aliyekufa, au huyu?" Alvina alimwonyesha Kezia kwa kidevu. "Maana wote wawili hutabaki nao."

Ismay alimfukuza. Alimfukuza kwa maneno ambayo hakuwahi kumwambia hata walipokuwa wanagombana kweli. Usiku kucha alilala amemkumbatia Kezia, na usiku kucha mtoto alikuwa wa baridi kifuani pake.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya mwisho ya likizo ya Bwana Gerald na Bi Pauline, na wao peke yao ndio waliokuja, kwa uaminifu tu, maana chakula walijua hakina ladha. Ismay alimkalisha Kezia jikoni, kwenye kigoda, karibu na miguu yake. Sahani ya dirishani aliipika kama kawaida, akajiambia ni ya mwisho. Hata jana alijiambia hivyo.

Saa sita upepo ulikufa. Kisha zikasikika kandambili, shwapu, shwapu, si kwa haraka, zikapanda ngazi za ufukweni moja baada ya nyingine, na kila zilipokanyaga ubao paliachwa unyayo wa maji ambao haukukauka ingawa jua lilikuwa kali, na harufu ya mwani na petroli ikatangulia kuingia ikajaza chumba mpaka Bi Pauline akaweka leso puani, na kiti cha dirishani kikajivuta nyuma taratibu kwa mlio mrefu wa mguu wa mti juu ya sakafu, na Ismay alipogeuka kutazama kigoda kilikuwa kitupu, mtoto alikuwa ameshafika mezani, amekaa upande wa pili, mkono wake mdogo umelala juu ya kitambaa, wazi, na vidole vikajifunga juu ya kitu ambacho kwanza hakikuonekana na kisha kikaonekana, mkono wa mtu mzima, mweupe kwa maji, wenye pete ya fedha ya kipaimara aliyoinunua Ismay mwenyewe mjini Hillsborough.

"Gerald," alinong'ona Bi Pauline. "Gerald, yule si Jozelle?"

Kijiko kilikuwa kimemtoka mzee mkononi.

Alikuwa Jozelle, na aproni yake, na misuko yake ikichuruzika. Hakuwa wa kutisha hata kidogo, na hicho ndicho kilichomvunja Ismay. Alikuwa amechoka tu, kama mtu aliyepiga kasia siku nyingi. Alikuwa akimtazama Kezia kwa mapenzi. Midomo ya Kezia ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau, na maji yalianza kumtoka puani, kidogokidogo, yakidondoka juu ya gauni lake.

"Twende," alisema Jozelle kwa upole. "Kinapoa."

Ismay alifika mezani, akaichukua ile sahani. "Ngoja, mwanangu. Hiki kimeshapoa. Nikuletee kingine cha moto."

Jikoni alichota sima kwenye sufuria, akamwaga mchuzi juu yake. Mkono ulikataa. Uliingia kwenye mtungi wa chumvi ukabaki humo, umekunja ngumi, mpaka alipomsikia Kezia akikohoa kikohozi cha mtu anayezama. Akautoa. Akatia ngumi nzima, akakoroga, akalia juu ya sahani bila kujifuta. Kisha akaibeba na kuiweka mbele ya mwanawe kutoka upande wa kulia, kama alivyomfundisha kuwahudumia wageni.

Jozelle alikula tonge moja. Alitafuna polepole, akaacha kutafuna. Akainua macho.

"Mama. Umetia chumvi."

"Nimetia, mwanangu."

"Kwani nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu. Mimi ndiye niliyekukosea. Upepo ule niliuona, nikakutuma." Ismay alipiga magoti kwenye maji. "Chakula kilifika, Jozelle. Umesikia? Wageni wote walikula. Kazi imekwisha. Mwache mtoto."

Jozelle alimtazama Kezia, kisha dirisha, kisha mikono yake mwenyewe, kama anayeiona kwa mara ya kwanza. Taratibu akaufungua mkono. Aliinuka, akasukuma kiti ndani ya meza, maana alilelewa vizuri, akatoka. Kandambili zilishuka ngazi. Ismay alihesabu ngazi zote kumi na moja, na baada ya hapo hakukuwa na sauti ila ya Kezia, ambaye Bi Pauline alikuwa amekimbia kumpakata, akatapika maji ya bahari mapajani mwake na kuanza kulia kama mtoto yeyote aliye hai.

Wageni walirudi baada ya mwezi, na meza ya sita wakaanza kukaa watu, maharusi hasa, kwa sababu ya dirisha. Kezia alilamba sahani kama zamani. Ismay alilala usingizi mtupu usio na ndoto. Wanawake wenzake kanisani walisimuliana walivyojiwa na mama zao na waume zao waliotangulia, naye alisikiliza akitazama sakafu.

Asubuhi moja Alvina alivuka barabara. Hakuwa na kejeli, naye Ismay akajua pana jambo.

"Nimemwota," alisema Alvina. "Jana. Alisimama jikoni kwangu, mkavu, amependeza. Anasema ana njaa. Nikamuuliza, mbona huendi kwa mama yako? Akasema, kwa Mama pana chumvi."

Ismay alikaa chini pale pale mlangoni. Alvina akakaa kando yake.

"Utampikia?" aliuliza Ismay.

"Ndiyo maana nimekuja. Sima yangu ngumu kama tofali, ulisema mwenyewe. Nifundishe anavyoipenda."

"Bamia zikate ndogo, uzichemshe kwanza. Unga tia kidogokidogo, usichoke kukoroga. Ukiona inaachia sufuria, bado; ngoja kidogo tena. Na tui la nazi mwishoni."

"Na chumvi sitii."

"Usitie. Na iwe mara moja tu, Alvina. Funga mlango, usichungulie."

"Nitafunga."

Alvina aliinuka, akaanza kuvuka barabara. Alikuwa amefika katikati Ismay alipomwita tena, akiwa amekaa vilevile, mikono mapajani.

"Alvina. Mpe kikiwa cha moto. Usiache kipoe."