Mwenye Ardhi ya Kwembungo

Habari za vita vya Kwembungo hakuna azijuaye kumshinda msimulizi huyu, mkuki kwa mkuki, ngao kwa ngao. Ila vita vyenyewe havikupiganwa, kwa hiyo kuzijua si kazi kubwa.

Zama zile misafara ilipopanda milimani na shanga, kaniki na bunduki za gumegume, ikitafuta pembe, Mfumwa Senkondo, mtawala wa Makweru, alichanjiana damu na kiongozi wa msafara mmoja, Mwinyi Shomvi. Wakalishana ini la mbuzi, wakaapa: msafara upewe maji na njia, na juu ya ardhi ya Makweru mtu asitiwe kamba. Atakayevunja, tumbo limvimbe afe. Kiapo kizuri mno. Kilisahau tu kusema ardhi ya Makweru inaishia wapi.

Kiangazi hicho Mbonea, mfua chuma, akakamatwa na watu wa msafara huo akichota mchanga wa chuma Kwembungo, uwanda ulio kati ya Makweru na Kisaroni. Mama yake, Nakijwa, ndiye dada wa Mfumwa na msemaji wake barazani. Alishuka na mashujaa wenye ngao za ngozi ya nyati, akamkuta mwanawe wa pekee shingo imebanwa kwenye panda la mti. Akamgeukia kiongozi wa msafara.

“Mwinyi, umekula ini letu bure?”

“Bibi, kiapo changu kizima,” akajibu Mwinyi Shomvi, akirekebisha kilemba. “Hapa si Makweru. Muulize mwenyewe.”

Mwenyewe alikuwa Mbarwe, mtawala wa Kisaroni, ambaye hakuapa na mtu. Nywele zake ndefu zilisokotwa kwa mafuta na udongo mwekundu, na mabegani alivaa merikani mpya, mikunjo ya robota la msafara haijanyooka.

“Kwembungo ni ya Kisaroni,” akasema Mbarwe. “Ukoo wangu umeikalia tangu enzi.”

“Na hiyo nguo, shemeji, umeikalia tangu lini?” akauliza Nakijwa, maana dada yake Mbarwe aliolewa na Senkondo.

Mashujaa wakacheka, lakini kicheko kilikatika. Watu wa msafara walikuwa wakishindilia baruti kwenye bunduki zao. Mikuki ikainuka. Nakijwa alijua kwamba mkuki wa kwanza ukirushwa, mwanawe ndiye atakayekufa mwanzo, kwa kuwa hawezi hata kuinama.

Hapo mpagazi mmoja, kijana ambaye ndevu hazijamkolea, aliyeugua tangu asubuhi, akaanguka na mzigo wake. Nakijwa alikuwa karibu kuliko wote. Akampa maji ya kibuyu chake. Kijana akanywa kidogo, akamshika kidole, akakata roho.

Watu wa Makweru na wa Kisaroni walikuwa na mila moja: mgeni akifia juu ya ardhi, mwenye ardhi huitakasa. Huchinja dume jeusi la ng'ombe, hunyolewa kichwa chote, na hakalii kiti chake cha utawala mpaka mvua inyeshe. Asipofanya hivyo, mashamba yake hukauka.

Nakijwa akamfumba marehemu macho, akasimama.

“Mgeni amefariki. Mwenye ardhi asogee.”

Mbarwe akajishika nywele.

“Wembe upo, shemeji,” akasema Nakijwa kwa upole.

“Ngoja kwanza,” akasema Mbarwe. “Kisaroni, ukiitazama vizuri, inaishia kule kijitoni.”

“Sema kwa sauti, Mwinyi asikie.”

“Inaishia kijitoni! Huku ni kwa Senkondo!” Akageuka na watu wake, akaondoka mbio pasipo kumtazama maiti usoni.

Mwinyi Shomvi akajipapasa tumbo. Akawaza ini la mbuzi, na njia atakayopita tena na tena. Akaamuru panda lifunguliwe. Mbonea akamwangukia mama yake, na wote wawili wakapiga magoti kwa yule kijana.

“Asante, mwanangu,” Nakijwa akamwambia marehemu. “Maji nimekupa kidogo, nawe umenipa mtoto mzima.”

Senkondo alinyolewa kwa furaha. Upara ulikwishafanya nusu ya kazi. Kijana akazikwa kama mtoto wa Makweru, na wanawake waliofagia kaburi lake kila mavuno hawakuambiwa na mtu wafagie.

Dume lilipochomwa, nyama kwa mila hiyo ilikuwa ya watu wa aina mbili tu: wenye ardhi na ndugu wa marehemu. Mara Mbarwe huyo, analia, kisu mkononi.

“Nimekuja kumlilia ndugu yangu.”

“Pole, shemeji,” akasema Nakijwa. “Kumbe ndugu yako?”

“Tumbo moja!” Akaketi karibu na mbavu.

“Basi tutajie jina lake, tumwombee.”

Mbarwe akaitazama nyama, akautazama moshi. “Sisi nyumbani tulizoea kumwita... Kaka. Ndiye aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto.”

Mbonea, aliyeshinda karibu na yule kijana siku ile akiwa kwenye panda, akalamba mafuta vidoleni.

“Mjomba, yule aliitwa Mihayo, wa kwao magharibi huko mbali. Na alikuwa mdogo kwangu.”

Mkono wa Mbarwe ulikuwa tayari umeshika ubavu.