Jeki Iliyokataa Kuingia

Jumamosi asubuhi, kama desturi, Mwelu alifagia ua wa karakana ya baba yake, nyuma ya soko la Masii. Baba yake, Ndolo, alikuwa fundi wa mashua za faiba, ile plastiki ngumu. Naam, mashua, huko huko Masii ambako mto ukipata maji watu husimama kuushangaa! Wateja wake hawakuwa hapo. Walikuwa mbali, upande wa Ndithini, kando ya bwawa la Masinga.

Siku hiyo mashua mpya ya buluu ilikuwa imekwisha kupandishwa kwenye trela. Ilitengenezwa kwa ajili ya kijiji cha Shangazi Kavindu, ambako watoto huvuka maji kila siku kwenda shule. Mashua yao kuukuu ilikuwa imetoboka. Muhula uliopita Linet, binti wa shangazi, alifika darasani sketi ikimchuruzika maji, maana safari nzima alikuwa akiyachota kwa sufuria na kuyamwaga nje. Shule zilikuwa zifunguliwe Jumatatu, kwa hiyo mashua mpya ilipaswa kufika Jumapili.

"Mwaitu!" Ndolo aliita.

Mwelu alipewa jina la nyanya yake, mama mzazi wa Ndolo, na kwa Wakamba jina la namna hiyo si mchezo. Ndolo alimwita binti yake mwaitu, yaani mama yangu, na alimwamini kama alivyomwamini mama huyo.

"Jeki yetu imekwisha," akasema. "Inainua trela, halafu inalala yenyewe. Nataka kununua nyingine ndogo, ya kubeba kwenye gari. Sasa, toa upepo kwenye tairi moja mpaka lilale kabisa. Kisha kata kijiti kinachosimama kati ya ardhi na ekseli, kile chuma kinachoshika magurudumu. Tairi likipata pancha trela hushuka, na jeki ikiwa ndefu haiingii. Umenielewa? Ukimaliza, lijaze upepo tena."

"Sawa, Baba."

Mwelu alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu Mumbua, rafiki yake, alipochungulia langoni. "We Mwelu, tunakungoja! Timu yetu imepungukiwa na mtu mmoja."

Mwelu aliitazama pampu ya mguu. Kutoa upepo ni rahisi. Lakini kuurudisha kwa pampu ile? Lo! Ungekanyaga mpaka goti lilie. "Kwani tofauti itakuwa kubwa kiasi gani?" akajiambia. Akapima tairi likiwa limejaa vilevile, akakata kijiti chake upesi na kukimbilia mchezoni.

Mchana aliandamana na baba yake hadi dukani kwa Waithaka, aliyeuza vipuri vya magari. Waithaka aliweka jeki mbili mezani, moja fupi na nene, nyingine ndefu kidogo.

"Hii fupi inapenya popote," alieleza, "na ukiusukuma mpini, shingo yake inapanda vizuri. Hii ndefu ina nguvu zaidi, lakini inataka nafasi."

Ndolo alisimamisha kijiti kando ya ile ndefu. Kijiti kiliipita. "Basi hii inaingia. Nipe hii."

"Ngoja kwanza, Mzee Ndolo. Kijiti kilipimwa tairi likiwa halina upepo, sivyo?"

"Mwaitu ndiye aliyepima," Ndolo alijibu kwa fahari. "Akishapima yeye, mimi nipime nini tena?"

Wote wawili wakamgeukia Mwelu. Neno moja tu la kweli lingetosha, na duka lilikuwa bado wazi.

"Ndiyo," akasema.

Tangu hapo Mwelu hakutulia. Jioni alikwenda mara kadhaa mlangoni mwa karakana ili aseme, na kila mara alimkuta baba yake akipiga mluzi wa furaha, akarudi. Kanisani Jumapili alijigeuzageuza kwenye benchi hadi mama yake akamfinya. Walipoondoka Masii na pikapu ikivuta trela, alikuwa kila mara akigeuka nyuma kuyatazama magurudumu.

"Shingo yako itakatika," Ndolo alimtania. "Mashua haiwezi kututoroka, mwaitu."

Mwelu alijaribu kucheka, akashindwa.

Waliiacha lami wakaingia barabara ya vumbi ya kwenda Ndithini. Mawe yalikuwa makali. Jua lilikuwa limeanza kuinama waliposikia mlio kama wa debe lililopigwa teke, na trela ikalala upande.

"Ah, pancha!" Ndolo aliruka chini bila wasiwasi. "Si kitu. Tuna spea na tuna jeki mpya."

Alizuia gurudumu zima kwa mawe, akalegeza nati, kisha akaisukuma jeki chini ya ekseli. Haikuingia. Akailaza, akajaribu upande mwingine. Wapi! Akachukua kijiti ambacho kilikuwa bado garini, akajaribu kukisimamisha. Nacho hakikuingia.

Simu ililia. Alikuwa Linet. "Mjomba, mko wapi? Mama anaanza kuziba ile mashua ya zamani kwa lami na matambara, eti tusikose kuvuka kesho."

"Mwambie asiiguse! Tunakuja," Ndolo alisema, na jasho likimtiririka. Alipokata simu alikuwa amekasirika kwelikweli. "Ni huyu Waithaka! Amenifanya mjinga. Bila shaka ameniuzia jeki siyo, si ile niliyoichagua. Ngoja nimpigie anitambue leo!"

Akaanza kuitafuta namba. Mwelu aliona kidole cha baba yake kikishuka kwenye kioo cha simu. Akilini alimwona Waithaka akitukanwa bure, na Linet akiwa na sufuria mkononi katikati ya maji.

"Baba, usipige!" alipaza sauti. "Si Waithaka. Ni mimi. Sikutoa upepo. Nilipima tairi likiwa limejaa, na dukani nikadanganya."

Ndolo alishusha simu.

"Mwelu," akasema. Hakusema mwaitu. Mwelu aliangua kilio.

"Machozi hayajazi tairi," Ndolo alisema, ingawa sauti yake ilikuwa imepoa. "Lala chini upime. Ekseli imepungukiwa na kiasi gani ili jeki iingie?"

Mwelu alijilaza vumbini na nguo zake za kanisani, akapima polepole, akarudia. "Vidole vinne, Baba. Lakini tafadhali, pima na wewe."

Ndolo akapima. "Vinne kweli. Sasa tafuta mawe bapa yenye unene unaozidi hapo kidogo."

Walipanga mawe mbele ya tairi lililolala, yakipanda taratibu kama ngazi fupi. Ndolo akayaondoa yale yaliyozuia gurudumu zima, akaiendesha pikapu polepole mno. Tairi lilikwea, likatulia juu ya jiwe pana la mwisho, na ekseli ikainuka. Wakalizuia tena lile gurudumu zima. Safari hii jeki iliingia. Trela ilipoinuliwa waliondoa mawe, wakavua tairi bovu na kuvisha spea.

Walifika bwawani jua likigusa vilima. Watu walishangilia, wakaisukuma mashua ya buluu hadi ikaelea. Linet alimkumbatia Mwelu kwa nguvu.

"Mwelu, jaketi za kuelea zote zimo?" Shangazi Kavindu aliuliza. "Kila mtoto na yake?"

Mwelu alifungua kinywa kusema ndiyo, akakifunga. "Sijui, Shangazi. Ngoja nihesabu." Akaingia mashuani, akahesabu, akakuta moja haipo. Alikimbia hadi kwenye pikapu na kuikuta imeanguka nyuma ya kiti. Ilikuwa ya mtoto mdogo kabisa.

Ndolo alikuwa amemwona. Alimshika bega.

"Njia ya mwongo ni fupi," alisema, "na yako iliishia pale kwenye mawe. Lakini sikiliza. Mtu akikuuliza umepima, shida yake si kijiti. Anataka kujua kama anaweza kumpandisha mwanawe juu ya neno lako. Kama hukupima, sema hukupima. Kazi itachelewa kidogo, lakini hakuna atakayezama."

"Nimesikia, Baba," Mwelu alijibu. "Kesho nitakwenda kwa Waithaka nimwombe radhi. Alituuliza vizuri, nami nikamdanganya."

Kisha akashuka majini na kumvisha Linet jaketi yake, akiivuta kila kamba kuona kama imeshika.