Baba Aliponiita "Deda"

"Umeshakula, deda?"

Ujumbe umetoka kwa baba yangu. Namba ni yake. Picha ni yake, ile aliyopiga kando ya lori lake.

Nikausoma tena.

Jamani, baba yangu hawezi kuniita deda. Hata awe amelewa chakari!

Ngojeni niwaeleze, maana nyie mlio mbali mtapotea. Huku kwetu Georgia, ile nchi, siyo jimbo la Marekani, mama anaitwa deda. Na baba, msishangae, ndiye anaitwa "mama". Chekeni mmalize! Sasa mzazi akimdekeza mtoto, humwita kwa cheo chake yeye mzazi. Kwa hiyo mama yangu ananiita deda. Baba ananiita mamiko, yaani "mama" ya kudekeza. Tangu nizaliwe hawajawahi kuchanganya, kwa sababu hilo halichanganywi.

Nikamwonyesha mchumba wangu, Zurab.

"Huyo siyo baba yako," akasema. "Ni tapeli, kaiba laini. Mfungie!"

"Nikimfungia, harusini atakuja nani?"

Harusi tumeshaiahirisha mara mbili tukimsubiri baba arudi kutoka Poland, anakoendesha malori. Tangu Pasaka hapigi simu, anaandika tu. Ukimwambia video, mtandao mbovu. Ukimuuliza atarudi lini, "hivi karibuni, mamiko." Na mimi naamini!

"Manana, nikuulize kitu," Zurab akasema taratibu. "Nani mwingine duniani anakuita deda?"

Jibu nilikuwa nalo... sikulitaka.

Nikarudi nyumbani. Mama alikuwa jikoni anakanda unga wa mikate ya jibini. Nikakaa sebuleni, nikaandika: "Baba, harusi tuifanye lini?"

Nikatuma.

Tii!

Jikoni!

Siku hiyo alisahau kuzima sauti. Nikasikia bomba likifunguliwa haraka haraka, maji yanamwagika. Kisha simu yangu ikatetemeka.

"Msinisubiri tena, mamiko. Olewa tu."

Nikaenda nikasimama mlangoni. Simu ya zamani ya baba ilikuwa kando ya bakuli, kioo chote kimejaa unga.

"Mama."

Hakugeuka.

"Baba yuko wapi?"

"Yuko Gdansk, huko huko Poland. Mzima wa afya."

"Sasa?"

"Ana mke huko. Na ana mtoto wa kike." Akavuta pumzi. "Alinipigia siku ya Pasaka, akasema tusimtafute. Laini yake ya hapa ilikuwa kwenye droo..."

"Kwa hiyo miezi yote hiyo ni wewe?!"

"Nilimwambia akueleze mwenyewe, akakataa. Nikaona bora uwe na baba wa kwenye simu kuliko..."

Akarudi kukanda.

Hapo nilitakiwa nilie. Wapi! Nilikuwa nautazama unga tu, najiuliza kama jibini itatosha.

"Na yule mtoto," nikauliza, "naye baba anamwita mamiko?"

"Sijui, deda."

Nikarudi sebuleni. Nikautafuta ule ujumbe wa "Umeshakula, deda?", ambao sikuwa nimeujibu. Nikaandika:

"Sijala bado, deda. Harusi ni Jumamosi ijayo. Kanisani utanisindikiza wewe."

Nikatuma kwa namba ya baba.

Tii! Jikoni. Tiki mbili zikageuka bluu. Anaandika... kaacha... anaandika tena...

"Nitakuja, deda."

Ndugu zangu, mtandaoni mtu anaweza kuvaa namba na picha ya mwenzake, ukamuamini mwaka mzima. Nyie msikilizeni anavyowaita, hapo ndipo anapojisahau. Ila ukishamnasa, kabla hujamfungia, jiulize kwanza uongo wake ulikuwa unamlinda nani.

Mimi na Zurab tulishafunga ndoa, na hadi leo sijalia. Namba ya baba nayo sijaifuta. Ndiyo inayoniuliza kila siku kama nimekula.